Kupanga Nyumba Guangzhou Ukiwa Mgeni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila Septemba simu yangu haipumziki. Mara ni mwanafunzi aliyeshuka juzi, mara ni mfanyabiashara aliyechoka kulipa hoteli kila safari na sasa anataka kukaa mwaka mzima. Kilio chao ni kimoja: nimepata chumba kizuri, nimeshalipa, sasa polisi wamekataa kuniandikisha kama mkazi wa pale. Wakati huo pesa imeshatoka na mwenye nyumba hapokei simu.

Kosa halipo kwenye kulipa, lipo kwenye kilichotangulia. Mgeni anaanza na picha, anafuata bei, kisha eneo, halafu uandikishaji wa makazi polisi anauacha mwisho. Hapa tutaanza na polisi, mengine yafuate. Nimeandika kuhusu Guangzhou kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko wengi wetu tunakofikia, lakini sheria nitakazozitaja ni za China nzima. Ukiwa Yiwu au Wuhan, zitakazobadilika ni bei, mitaa na desturi ya malipo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kukanyaga chumba chochote

- Pasipoti yenye viza na muhuri wa kuingia. Toa kopi 5 za ukurasa wa picha, ukurasa wa viza na ukurasa wa muhuri.
- Laini ya simu ya China iliyosajiliwa kwa pasipoti yako. Bila namba hiyo dalali hakupigii, na benki haikufungulii akaunti.
- WeChat kwa mazungumzo (ina tafsiri ndani yake), Alipay, na ramani ya Gaode. Ramani za Google hazifunguki hapa bila VPN, na hata zikifunguka hazitakupeleka mlangoni.
- Chumba cha hoteli cha siku 7 hadi 10. Hoteli inakuandikisha polisi yenyewe, kwa hiyo siku hizo uko halali na hutafuti kwa pupa.
- Njia ya kumlipa mtu binafsi. Hapa wengi hukwama. Unaweza kuunganisha kadi ya benki ya nyumbani na WeChat au Alipay ukanunua chakula na kupanda treni, lakini kadi hiyo haitumi pesa kwa mtu. Mwenye nyumba ni mtu. Fungua akaunti ya benki ya China mapema, au andaa fedha taslimu za yuan.
- Pesa yenyewe. Desturi ya Guangzhou inaitwa *ya er fu yi*: amana ya miezi miwili, na kodi unalipa mwezi mmoja mmoja. Miji mingine hutumia *ya yi fu san*: amana ya mwezi mmoja, kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Chumba cha yuan 2,500 kwa desturi ya hapa kinataka yuan 7,500 siku ya kwanza, na ada ya dalali, ambayo ni nusu ya kodi ya mwezi hadi kodi ya mwezi mzima. Kwa hiyo uwe na yuan 8,750 hadi 10,000 mkononi.

Hatua ya 1: Ijue karatasi unayoitafuta

Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni anayeishi nje ya hoteli ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu ahamie. Usipofanya hivyo utapewa onyo, na unaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Baya zaidi ni kwamba karatasi utakayopewa ukijiandikisha, 境外人员临时住宿登记表 (fomu ya uandikishaji wa makazi ya muda ya wageni), ndiyo utakayodaiwa ukienda kuomba kibali cha ukaazi. Na mwenye viza ya X1 (masomo ya muda mrefu) au Z (kazi) ana siku 30 tu tangu aingie nchini za kuomba kibali hicho.

Kwetu mpangaji mpya hujitambulisha kwa mjumbe. Hapa unajitambulisha kituo cha polisi cha mtaa, *paichusuo*, na huwezi kukamilisha peke yako: unahitaji mkataba, kopi ya kitambulisho cha mwenye nyumba na kopi ya hati ya nyumba. Mwenye nyumba asipotoa viwili hivyo vya mwisho, umekwama.

Wanaokataa kuvitoa wana sababu. Wengine wanaogopa kodi ya mapato. Wengine jengo lao halikupitishwa kwa usalama wa moto, au chumba kilisajiliwa kama ofisi au ghala. Wengine nyumba si yao.

Hifadhi sentensi hii kwenye simu na uitume kabla ya kuuliza bei: 我是外国人，这个房子可以办住宿登记吗？ Maana yake: mimi ni mgeni, nyumba hii inaandikishika polisi?

*Utajua umefaulu:* ukijibiwa 可以, inawezekana, na jibu hilo limebaki kwa maandishi kwenye WeChat. Ukiambiwa "tutaona" au "polisi hawaji huku", achana nayo hata kama ina roshani inayotazama mto.

Hatua ya 2: Chagua eneo kwa kufuata treni

Usihesabu kilomita, hesabu dakika za treni. Xiaobei na Taojin, kwenye Laini ya 5, ziko karibu na maduka ya Waafrika, chakula halali na mawakala wa mizigo. Kodi iko juu na majengo mengi ni ya zamani. Sanyuanli na wilaya ya Baiyun zinamfaa mtu wa nguo na ngozi. Panyu, kusini, ina nyumba kubwa kwa kodi ndogo, ila utakaa kwenye treni. Foshan imeunganishwa na Guangzhou kwa treni na kodi yake ni nafuu, lakini ni mji mwingine wenye polisi wake; mwanafunzi aulize chuo kwanza kama anaruhusiwa kuishi huko.

Chora duara la dakika 40 kutoka unakofanyia kazi au kusoma, chagua vituo 3, na utafute huko tu. Kodi hupanda baada ya Sikukuu ya Machipuo (Mwaka Mpya wa Kichina) na tena Juni na Julai, wahitimu wanapomiminika mjini. Wiki chache kabla ya sikukuu, vyumba vinabaki wazi na mwenye nyumba anakuwa msikivu.

Hatua ya 3: Mpate dalali, na uyajue maneno yake

Dalali huitwa *zhongjie*. Matangazo yako kwenye programu za simu za Beike, Anjuke, 58 na Ziroom. Ukiona chumba kinachong'aa kwa nusu ya bei ya mtaa, hicho ni chambo. Ukipiga simu utaambiwa "kimechukuliwa jana, lakini nina kingine". Nenda mwenyewe hadi ofisi za madalali zilizo karibu na kituo chako cha treni. Uso kwa uso utapata vya kweli.

Maneno ya kushika:

- *Zhengzu* ni kupanga nyumba nzima, *hezu* ni kushirikiana na wengine.
- *Fangdong* ni mwenye nyumba. *Er fangdong* ni aliyepanga kisha anakupangisha wewe.
- *Xiaoqu* ni mtaa wa maghorofa wenye geti na walinzi. *Chengzhongcun* ni kijiji kilichomezwa na jiji: rahisi kwa kodi, majengo yamebanana hadi Wachina wenyewe huyaita "majengo ya kupeana mikono", maana ukinyoosha mkono dirishani unamfikia jirani.
- *Gongyu* mara nyingi ni jengo la kibiashara lililogeuzwa makazi: umeme na maji kwa bei ya biashara, na pengine hakuna gesi ya kupikia. Uliza bili kabla hujafurahia fenicha mpya.

Ukisoma "mita za mraba 50", jua kwamba mara nyingi hesabu hiyo inajumuisha sehemu yako ya ngazi, lifti na korido. Eneo unalokanyaga ni dogo kuliko hilo.

Kuhusu *er fangdong*: si wote ni matapeli, lakini elewa hatari yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni ya Danke, iliyokuwa ikipanga nyumba za watu na kuzipangisha tena, na iliyokuwa imeorodheshwa soko la hisa la New York mwezi Januari mwaka uleule, iliishiwa fedha. Wapangaji walikuwa wamelipa kodi ya mwaka mzima, wengi kwa mkopo wa benki, lakini wenye nyumba walikuwa hawalipwi. Watu walitolewa vyumbani huku wakiendelea kudaiwa mkopo. Kwa hiyo ukiambiwa kodi ni nafuu ukilipa mwaka mzima, au ukisaini "mpango wa malipo" kwenye simu, kataa.

Na sasa jambo linalouma. Utakataliwa nyumba kwa sababu ya rangi yako au pasipoti yako. Itatokea, na wakati mwingine dalali atakwambia usoni. Mwaka wangu wa kwanza nilikataliwa mara sita katika wiki moja, na mara ya sita nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikiwa sina nguvu ya kusimama. Usilibebe kama kosa lako. Mwambie dalali mapema kwamba unatoka Tanzania au Kenya na mtumie picha ya ukurasa wa pasipoti, ili kukataliwa kwako kuishie kwenye simu yake, miguu yako ipande tu ngazi za nyumba zitakazokupokea. Na mtafute dalali aliyekwisha kumpangisha mwenzetu. Huyo anawajua wenye nyumba wasiobagua.

*Utajua umefaulu:* una vyumba 4 au 5 vya kuona siku moja, na vyote vimeshajibiwa 可以.

Hatua ya 4: Kagua kama unayekwenda kuishi

Nenda mchana kwa ajili ya mwanga. Ukikipenda chumba, rudi peke yako saa 3 usiku, usikilize. Baa ya chini na karakana ya jirani haziwi kwenye picha.

Anza na ukuta. Sisi wa pwani tunadhani tunaujua unyevu, lakini huku kuna majira yanaitwa *huinantian*: mwishoni mwa baridi upepo wa kusini unaingia na unyevu wake, unakutana na kuta zilizopoa, na nyumba nzima inatoka jasho. Maji yanatiririka kwenye vigae, kioo hakionyeshi uso, nguo zinakaa siku nne bila kukauka. Ghorofa za chini ndizo zinazoteseka zaidi. Vuta kabati sentimita chache, weka pua yako nyuma yake na unuse. Inua godoro utazame chini. Doa jeusi lenye vinyweleo, au rangi mpya iliyopakwa kona moja tu, ni ukungu uliofichwa. Nilipanga chumba cha ghorofa ya pili mwezi Novemba bila kuvuta kabati. Machi nikakuta suti yangu ina manyoya ya kijani.

Kisha maji. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Kama bafuni panabaki kuchuruzika tu, asubuhi utaoga kwa zamu na jirani. Washa hita ya maji usubiri hadi maji yawe ya moto. Kama ni hita ya gesi, itazame ilipofungwa. Inatakiwa iwe kwenye roshani au mahali penye hewa, na bomba la moshi lifike nje. Hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anaoga. Hapo hakuna mjadala: ondoka.

Washa kiyoyozi na ukiache dakika 15 huku ukiendelea na mengine. Kiangazi cha Guangzhou bila kiyoyozi hakilaliki.

Nusa hewa. Nyumba iliyokarabatiwa juzi yenye harufu kali inayochoma macho ina formaldehaidi kutoka kwenye mbao za gundi na rangi. Kama una mtoto au mjamzito, tafuta nyumba iliyokwisha kukaliwa.

Fungua kabati la chini ya sinki. Mitego ya gundi iliyojaa mende inajieleza. Angalia pia simu yako kama inashika mtandao ukiwa kitandani.

Mwisho toka mlangoni, shuka kwa ngazi hadi chini. Ukikuta baiskeli za umeme zinachajiwa kwenye korido au chini ya ngazi, hama jengo. Februari 2024, mjini Nanjing, moto ulioanzia ghorofa ya chini palipoegeshwa baiskeli za umeme uliua watu 15. Dirisha lenye nondo lisilofunguka nalo ni sababu tosha ya kukataa.

Sasa ndiyo ujadili bei. Ukiahidi kukaa mwaka, si ajabu kupunguziwa yuan 100 au 200. Mwenye nyumba akigoma, omba kiyoyozi kisafishwe na godoro libadilishwe. Hapo wengi hukubali.

Hatua ya 5: Hakikisha unayemlipa ndiye mwenye nyumba

Omba kuona hati ya nyumba na kitambulisho chake. Jina kwenye hati lifanane na jina kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na anwani kwenye hati iwe namba ya mlango uliosimama mbele yake. Kama anayesaini ni mtoto wake au mkewe, pawe na barua ya idhini. Kama ni *er fangdong*, taka mkataba wake na mwenye nyumba, idhini ya kupangisha tena, na uone unaisha lini. Hawezi kukupa mwaka ikiwa yeye amebakiza miezi minne.

Nyumba nyingi za vijijini mwa jiji (*chengzhongcun*) hazina hati ya kawaida. Hapo usimwamini mtu kwa maneno: chukua anwani kamili, nenda paichusuo na pasipoti yako, na uulize kama wanaandikisha wageni kwenye jengo hilo. Ni dakika kumi zinazookoa maelfu.

Onyo kuhusu herufi moja. Dalali akitaka "kishikio" cha kukufungia chumba, tazama risiti. 定金 na 订金 hutamkwa sawasawa, *dingjin*, lakini mbele ya sheria ni vitu viwili. 定金 ukighairi wewe inapotea, na akighairi mwenye nyumba anakurudishia mara mbili. 订金 ni malipo ya awali tu, na kwa kawaida hurudishwa. Usitoe ya kwanza kabla ya kumaliza hatua hii.

Hatua ya 6: Mkataba

Upangaji wa miezi 6 na zaidi lazima uwe wa maandishi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Kiraia ya China iliyoanza tarehe 1 Januari 2021. Nakala ya Kichina ndiyo itakayoangaliwa mkigombana, kwa hiyo mpe mtu anayesoma Kichina aisome yote, asiwe dalali. Hakikisha haya yameandikwa:

1. Kodi, tarehe ya kulipa, na kwamba haipandi hadi mkataba uishe.
2. Kiasi cha amana, itarudishwa lini na kwa sharti gani. Kanuni za upangaji zilizoanza kutumika 15 Septemba 2025 zinataka mambo haya yawekwe kwenye mkataba, na zinamkataza mwenye nyumba kukata amana bila sababu ya haki.
3. Bei ya umeme kwa uniti. Bei ya nyumbani hapa ni karibu senti 60 za yuan. Baadhi ya wenye nyumba wa *chengzhongcun* hutoza yuan 1 hadi 1.5. Kodi ndogo yenye umeme ghali si kodi ndogo.
4. Nani analipa ada ya usimamizi wa jengo, *wuye*, na intaneti.
5. Nani anatengeneza vitu vikiharibika. Kisheria ni mwenye nyumba, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma kama hawajakubaliana kwa niaba yako.
6. Ukiondoka mapema utapoteza nini, na utoe taarifa siku ngapi kabla.
7. Sentensi hii: 房东配合租客办理住宿登记, yaani mwenye nyumba atashirikiana na mpangaji kuandikishwa polisi. Ongeza na hii: uandikishaji ukikataliwa, pesa zote zirudishwe. Wengi wa waliolia kwangu wangepona kwa mstari huu mmoja.

Kingine cha kukutuliza: nyumba ikiuzwa katikati ya mkataba, mkataba wako haufi. Mnunuzi anakurithi.

Hatua ya 7: Kulipa na kupokea funguo

Lipa kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Ukilipa taslimu, risiti itolewe palepale. Risiti ya amana, 押金收据, iweke pamoja na pasipoti, kwa sababu siku ya kuondoka wengi hudai karatasi halisi, si picha.

Kabla ya kuingiza begi, piga video moja isiyokatwa kuanzia mlangoni: kila ukuta, kila mkwaruzo, namba za mita za maji, umeme na gesi. Mtumie mwenye nyumba kwenye WeChat siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Badilisha kitasa, au namba ya siri kama ni kufuli la kidijitali.

Hatua ya 8: Polisi, ndani ya saa 24

Nenda na pasipoti, mkataba, kopi za kitambulisho na hati za mwenye nyumba. Sehemu zenye wageni wengi kuna vituo maalumu vya kuwahudumia. Mlinzi wa geti atakuelekeza. Mwenye nyumba akikubali kufuatana nawe, mchukue. Kama ni mama mtu mzima, mwite *ayi*, shangazi. Mlango hufunguka vingine.

*Utajua umefaulu:* umeshika karatasi yenye muhuri mwekundu. Simama hapohapo dirishani ulinganishe jina lako na pasipoti, namba ya pasipoti, na anwani. Majina yetu matatu huwachanganya; herufi moja ikikosewa, utarudishwa ofisi ya vibali. Ukipata viza mpya, kibali kipya au pasipoti mpya, rudi ujiandikishe tena.

Siku ya kuondoka

Toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Safisha, lipa bili, kisha mkutane chumbani, si barabarani. Fungua video ya siku ya kwanza mtembee nayo chumba kwa chumba. Someni mita pamoja. Funguo zibaki mkononi mwako na risiti ya amana mfukoni hadi simu yako ilie kwamba pesa imeingia.